Neno la Siri: Habari za Chama cha Watumiaji wa Tarakilishi Mjini Voi

Wapo miongoni mwetu, sisi wanagenzi wa Kiswahili, wanaoamini kwamba tarakilishi ni uwanja wa wenzetu wa sayansi, na kwamba kazi yetu huanza pale mashine inapozimwa. Wapo pia wenzetu wa sayansi wanaodhani kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, ya mahubiri na ya kununulia nyanya, wala hakina la kusema mbele ya kiwambo. Makundi haya mawili hukutana kwa nadra, na yakutanapo huwa ni katika ukumbi wa mjadala, ambamo kila mmoja hutoka na rai ileile aliyoingia nayo. Mimi nimebahatika kuyaona yakikutana kwingine: katika darasa la kuazima mjini Voi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mbele ya tarakilishi kuukuu zisizojali nadharia ya mtu yeyote. Makala haya ni habari za chama kinachokutana humo, ambacho mimi ni katibu wake. Aidha, ni hoja ninayotaka kuwatolea wenzangu wa idara, kwamba istilahi haipati uhai kwa kuchapishwa tu, bali hupata uhai inapomrudishia mtu mamlaka juu ya chombo chake mwenyewe.

Voi ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita hapo, barabara ya Taveta huchipukia hapo, na reli ina stesheni hapo, ile kongwe na hii mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kwa hiyo Mdawida, Mkamba, Mgiriama, Msomali na Mluo ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na lugha inayowapatanisha sokoni ni Kiswahili. Mbuga ya Tsavo iko karibu mno, na yeyote aliyewahi kuwaona ndovu wa huko anajua jinsi wanavyogeuka wekundu kwa udongo wanaojirushia. Udongo huohuo ndio adui wa kwanza wa tarakilishi zetu. Huingia kwa upepo wa adhuhuri, hujipenyeza katika matundu ya feni, hujishikiza juu ya vijenzi, na mashine hupata joto mpaka ikajizima yenyewe katikati ya kazi.

Chama chetu kilizaliwa kutokana na vumbi hilo. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye sote humwita Mwalimu tu, alikuwa na tarakilishi iliyokuwa ikizimika kila alipofika ukurasa wa tatu wa jambo analoliandika. Fundi wa redio wa jirani yake alikuwa na brashi na kipulizo cha hewa. Waliifungua mashine, wakaipangusa, ikafanya kazi hadi jioni. Habari zikaenea mtaani, na wiki iliyofuata watu watano walikuja na mashine zao chini ya makwapa. Mwalimu akaona afadhali kuwe na siku maalumu kuliko kubishiwa hodi kila alfajiri. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazazi ya chama: hapakuwa na hotuba wala utepe wa kukatwa.

Leo wanachama ni wa kila namna. Kuna wauza duka, makarani wa shule, bodaboda wawili, mshonaji, muuza mboga sokoni, kijana aliyehitimu uhandisi ambaye bado anatafuta kazi, na wanafunzi wa sekondari ambao huja kwa udadisi na hubaki kwa sababu ya maandazi. Kila anayehudhuria hutoa shilingi 50. Fedha hizo hununua vifurushi vya intaneti, dawa ya kusafishia viunganishi, na nyaya zinazokatika. Utaratibu wa mkutano haubadiliki: kwanza kumbukumbu za mwezi uliopita husomwa, kisha kila mtu hueleza tatizo alilokuja nalo, halafu matatizo hugawanywa kulingana na anayeweza kuyatatua. Mwishoni hutengwa nusu saa ya somo moja dogo. Tumewahi kufundishana namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, namna ya kutengeneza jedwali la mapato na matumizi ya duka, na namna ya kuhifadhi nakala ya pili ya picha za marehemu kabla diski haijafa.

Nilifanywa katibu nikiwa likizoni, kwa sababu iliyosemwa waziwazi: "Huyu anasomea Kiswahili, basi na aandike." Hapo awali kumbukumbu zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo kumbukumbu zinavyoandikwa popote pale nchini. Zilisomwa, watu wakanyamaza, zikathibitishwa. Mwalimu ndiye aliyeshuku ule ukimya. Alisema kwamba katika miaka yake yote darasani hajapata kuona kundi la Wakenya likikubaliana jambo bila mtu hata mmoja kupinga, na kwamba wanaokubali kila kitu huenda hawakusikia kitu. Akakumbusha kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tukapiga kura. Tangu Januari 2024 kumbukumbu zetu ni za Kiswahili, na mkutano wa kwanza uliotumia lugha hiyo ulichukua muda maradufu, maana kila aya ilipata mpinzani. Naam, hapo ndipo nilipojua kwamba chama kimeanza.

Vyama vya namna hii vina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tarehe 5 Machi 1975, katika gereji ya mtu aitwaye Gordon French huko Menlo Park, jimboni California, watu wapatao 30 walikutana kuzungumzia mashine mpya iliyoitwa Altair 8800. Kikundi hicho kilikuja kujulikana kama Homebrew Computer Club. Fred Moore, mmoja wa waanzilishi, alitoa jarida dogo la habari ili waliokosa mkutano wajue yaliyojadiliwa. Mmoja wa waliohudhuria, Steve Wozniak, aligawa bure michoro ya mashine aliyoibuni, ile ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Apple I. Mwaka 1976 jarida hilo lilichapisha barua ya wazi ya kijana Bill Gates, akilalamika kwamba wapenzi wa tarakilishi wananakili programu yake bila kuilipia. Mzozo wa nani mwenye haki juu ya programu, ambao haujaisha mpaka leo, ulianza kusikika humo katika kurasa chache za chama cha mtaani. Katibu wa chama chochote kile anapaswa kulifahamu hilo: karatasi yake ndogo inaweza kubeba jambo kubwa.

Huku kwetu mambo yalikuja kwa njia nyingine. Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki iliitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti, na gharama yake ilikuwa ya kutoa machozi. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na bei ikaanza kushuka. Lakini hata kabla ya nyaya hizo palikuwa na watu waliojiuliza ni lugha gani itakayozungumzwa na mashine zenyewe. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo maagizo yake yalikuwa ya Kiswahili. Kazi hiyo ililazimu maelfu ya maneno ya Kiingereza kutafutiwa visawe. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilistaajabia wingi wa maneno. Siku hizi hustaajabia jambo jingine, nalo ni safari ambayo neno husafiri tangu meza ya mtaalamu hadi kinywa cha mshonaji wa Voi.

Safari hiyo nimeishuhudia kila mwezi. Nilipoanza kuandika kumbukumbu nilikuwa na orodha ya istilahi kutoka vitabu vyetu vya chuo, nikazitumia zote bila ubaguzi, kisha nikatulia kuona zitakavyopokelewa. Matokeo yalikuwa ya kufunza.

Neno "bofya" lilipokelewa siku hiyohiyo. Yule mama muuza mboga alicheka, akasema kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku: wateja humbofyabofya parachichi zake kutafuta lililoiva, nao hawanunui. Tangu hapo hakuhitaji kuelezwa tena ashike vipi kipanya. Aliwaelekeza wengine kwamba mguso ni wa kulibofya tunda bila kulitia alama. "Pakua" nalo halikuleta taabu. Chakula hupakuliwa chunguni kikaja sahanini, na faili hupakuliwa kutoka mtandaoni ikaja kwenye mashine. Na kama sahani ni ndogo, chakula kitamwagika, ndiyo maana hutazamwa nafasi ya diski kwanza. "Kivinjari" lilifafanuliwa na bodaboda, aliyesema kuwa kuvinjari ni kuzungukazunguka mjini ukitazama bila kununua. "Kiwambo" lilifurahisha wazee waliozijua ngoma, kwa kuwa ngozi huwambwa juu ya ngoma hadi ikakaza, na kioo cha tarakilishi kimekaa vivyo hivyo. Mshonaji ndiye aliyelitetea "kipakatalishi", akasema kuwa chombo kinachokaa mapajani kama mtoto anayepakatwa hakistahili jina jingine.

Yapo maneno yaliyokwama. "Mdahalishi" liliandikwa katika kumbukumbu tatu mfululizo, na mara zote tatu nililazimika kueleza kwamba ni intaneti. Mara ya nne mwanachama mmoja aliuliza kwa upole kwa nini tusiandike intaneti. "Baobonye" liliwachekesha wanafunzi wa sekondari, ambao walilijua kutoka madarasani lakini hawakuwahi kumsikia mtu akilitamka bila kulazimishwa na mtihani. "Kicharazio" lilipata bahati nzuri zaidi, kwa sababu kila mtu amewahi kumwona mpiga gitaa akilicharaza. Ama "tarakilishi" lenyewe, ambalo wengi hulieleza kuwa limetokana na tarakimu na akili, limegawa chama sehemu mbili. Vijana husema kompyuta, Mwalimu husema tarakilishi, na fundi husema mashine. Hakuna aliyeshindwa kumwelewa mwenzake. Katika kumbukumbu mimi huandika tarakilishi, na hakuna aliyepinga, lakini sijamsahihisha mtu yeyote anayesema kompyuta, wala sitamsahihisha.

Tarehe 14 Oktoba 2025 ilituletea jaribio la aina nyingine. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015 na ambao ulikuwa ndani ya karibu mashine zote za wanachama. Mashine haizimiki tarehe kama hiyo ikifika. Itawaka kesho yake kama kawaida. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama: tundu jipya likigunduliwa, halizibwi tena, na anayetafuta pa kuingilia atapaona. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, pamoja na kichakata cha miaka ya karibuni. Mashine zetu, ambazo nyingi zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumiwa ofisini ng'ambo, hazikutimiza masharti hayo. Karani mmoja wa shule aliuliza swali lililokuwa mioyoni mwa wengi: je, tuzitupe?

Mhandisi kijana alisema kuna njia, na njia hiyo ni programu huria. Alieleza kwamba mwaka 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi na kukiweka wazi ili kila mtu akisome, akitumie na akirekebishe. Kiini hicho ndicho Linux. Hapo Mwalimu aliinuka, akafungua mkoba wake, akatoa diski ndani ya bahasha ya karatasi ngumu iliyochujuka rangi. Ilikuwa ni Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux ulioanzishwa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, diski hizo zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba popote duniani, na Mwalimu alikuwa miongoni mwa walioomba. Akaandika ubaoni maneno mawili, moja juu ya jingine: ubuntu, na chini yake utu. Akatuuliza tunaona nini. Muuza mboga akajibu kwamba ni neno lilelile, ila moja limevaa kanzu ndefu.

Nawaambia wenzangu wa idara kwamba nimehudhuria mihadhara ya isimu linganishi, lakini sijaona uhusiano wa lugha za Kibantu ukielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Na jambo lenyewe lilifanya kazi. Wanachama waliokuwa wakiiogopa Linux kama kitu cha wajuzi waliikaribia kama kitu cha jamaa. Tulichagua toleo jepesi linaloweza kuendeshwa na kumbukumbu ndogo, tukalipakua usiku ambapo vifurushi ni nafuu, tukaliweka katika flashi, na Jumamosi mbili mfululizo tukafanya kazi ya kuhamisha. Kwanza nakala za faili zote za mwenye mashine huwekwa kando. Pili mashine huwashwa kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski yake, ili mwenyewe aone kama sauti, mtandao na kichapishi vinaitika. Tatu, na hapa hatukumruhusu mtu yeyote kubonyeza isipokuwa mwenye mashine, mfumo mpya huwekwa. Mashine 11 ziliokolewa. Mbili zilikataa kabisa, zikawa za vipuri.

Hata hivyo, tukio lililonifanya niandike makala haya halikuhusu mashine hizo. Lilitokea Novemba 2025, nalo lilimhusu mtoto wa kiume wa yule mama muuza mboga.

Kijana huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata kitambulisho. Alipoteuliwa kwa usaili wa kazi ya ulinzi katika hoteli moja, aliagizwa aje na cheti cha tabia njema ifikapo Ijumaa ya wiki iliyofuata. Cheti hicho huombwa kwa mtandao, kupitia akaunti ya huduma za serikali. Akaunti alikuwa nayo. Alifunguliwa mwaka uliotangulia katika duka moja la huduma za mtandao ambalo sasa limefungwa. Kwa kuwa wakati huo hakuwa na simu, mhudumu wa duka aliweka nambari yake mwenyewe ya simu na anwani yake mwenyewe ya barua pepe, akatunga neno la kuingilia, akaliandika kwenye daftari lake. Kila kijana alipohitaji huduma, alilipa, na mhudumu akaingia kwa niaba yake. Hapakuwa na hila yoyote. Ndivyo watu wengi wanavyohudumiwa, na huduma hiyo imewasaidia wengi. Ila duka lilipofungwa, mhudumu aliondoka na daftari, na nambari za uthibitisho zikawa zinatumwa kwenye simu iliyokuwa mbali na Voi.

Walikuja chamani wakiwa wamebakiwa na siku sita. Haikuwezekana kufungua akaunti ya pili, kwa kuwa nambari ya kitambulisho ilikuwa imekwisha kusajiliwa. Tuligawana kazi: wawili wakaandika maombi kwa watoa huduma, wengine wakamtafuta mhudumu kupitia aliyekuwa mwenye nyumba wake. Alipatikana siku ya nne, akiwa mkarimu na mwingi wa radhi. Alisoma nambari ya uthibitisho kwenye simu, nasi tukaingia, tukabadilisha kila kitu. Lakini cheti hakitoki siku ya kukiomba. Alama za vidole huchukuliwa, kisha kuna kungoja. Ijumaa ilifika bila cheti, na nafasi ile ikapewa mwingine.

Katika mkutano uliofuata, mama yule aliomba kusema kabla ya kumbukumbu kusomwa. Hakulalamika. Aliuliza swali moja: "Hiyo paswadi, jamani, hasa ni kitu gani? Mwanangu amelipia kuwekewa, nami nimelipia, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona."

Mhandisi alijibu kwamba ni herufi na nambari za kuingilia. Mama akasema hilo amelisikia. Mwanafunzi mmoja wa sekondari akasema kwamba Kiswahili chake ni nywila. Mama akalirudia neno, akalitazama kama mtu atazamaye ufunguo wa nyumba asiyoijua, akanyamaza. Ndipo Mwalimu akasema, "Mama, ni neno la siri."

"La siri?" mama aliuliza. "Siri ya nani?"

"Yako. Wewe peke yako."

Sikumbuki kuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. "Basi kama ni siri yangu," alisema, "mbona mtu aliniuzia? Siri huuzwa? Na mimi ningeambiwa ni siri, ningemwachia mtoto wa watu aiandike kwenye daftari?" Halafu akamgeukia mwanawe, na kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, akamwambia, "Hatukuambiwa, mwanangu. Hatukuambiwa ni yetu."

Mpenzi msomaji, hapo pana jambo ambalo darasa letu la istilahi halijanifunza. Neno "paswadi" lilikuwa limetumiwa mbele ya mama huyo kwa miaka. Alilijua, alilitamka, alililipia. Lakini halikumbebea maana iliyo muhimu kuliko zote, yaani kwamba jambo hili ni la faragha na mwenyewe ni yeye. Kwake paswadi ilikuwa ni mali ya duka, kama mizani ilivyo mali ya muuza nyama. Neno "siri" analijua tangu utotoni pamoja na sheria zake zote: siri haisemwi njiani, siri haiwekwi kwa jirani, na aliyeipoteza siri yake hujilinda upya. Mara tu neno hilo lilipotajwa, sheria hizo zilikuja pamoja nalo, wala hakuhitaji kuhutubiwa juu ya usalama wa mtandaoni. Siku hiyohiyo alibadilisha neno la siri la simu yake, na alipokuwa akiandika alitugeuzia sote mgongo.

Hoja yangu haimaanishi kwamba "nywila" ni neno baya. Ni fupi, linaingia vizuri kwenye kiwambo, na wanafunzi wetu wa sekondari wamelizoea. Katika kumbukumbu zetu bado limo. Lakini tangu Novemba hiyo chama kimejiwekea kanuni, nami niliiandika kwa mkono wangu. Kanuni yenyewe ni hii: neno lolote la kitaalamu likitajwa mkutanoni, mtu asiyelijua aulize, na anayelijua aeleze kwanza kwa maneno ya nyumbani, kisha ndipo alitaje neno lenyewe. Iwapo baada ya mikutano mitatu bado linahitaji kuelezwa, tunatafuta jingine, liwe la kukopa au la kubuni. Iwapo watu wamelishika, halibadiliwi hata kama kamusi ina jingine. Kwa kanuni hiyo "intaneti" limebaki, "mdahalishi" limepumzishwa, na "bofya" halina mshindani.

Najua wapo watakaosema kwamba huku ni kuliachia soko kazi ya wataalamu. Sioni hivyo. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilianzishwa mwaka 1967, na bila ya juhudi za vyombo kama hicho, na za watunga kamusi wa vyuo vyetu, mwanafunzi yule asingekuwa na neno "nywila" la kulitaja. Wataalamu hutoa mbegu. Lakini mbegu ikibaki ghalani, hata iwe bora namna gani, haijawa chakula. Panahitajika shamba, na shamba ni mahali ambapo mtu ana shida ya kweli, ana mashine mbele yake, na ana jirani wa kumuuliza. Maneno mengi tunayoyakariri kwa ajili ya mtihani hayajawahi kupelekwa shambani hata siku moja. Hatujui yapi yataota.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanachama wa chama chetu cha Kiswahili hapa chuoni. Kila mmoja wetu ana mtaa anakorudi muhula ukiisha. Katika mtaa huo hapakosi duka la mtandao, kikundi cha akina mama, au darasa lenye tarakilishi zilizofunikwa vitambaa kwa kukosa mtu wa kuziwasha. Huhitaji kuwa mhandisi. Unaweza kuwa katibu. Andika yanayosemwa, kwa lugha ambayo waliosema wataweza kuipinga, na chunguza ni maneno gani yanayorudi mwezi wa pili bila kuitwa. Orodha utakayokuja nayo itakuwa na thamani kwa watunga kamusi kuliko hojaji tunazojaza madarasani.

Nimalizie kwa habari za chama, kama katibu anavyopaswa. Mashine 11 zilizohamishwa zinaendelea kufanya kazi, na vumbi bado ni lilelile. Nusu saa ya somo sasa imetengewa akaunti: kila mwanachama huja na simu yake, huthibitisha kwamba nambari na anwani zilizomo ni zake, na huandika neno la siri jipya huku wengine wakitazama dirishani. Wanachama wameanza kuwaleta majirani wao kwa ajili hiyo. Kijana aliyekosa kazi alipata cheti chake baada ya wiki chache, akakihifadhi, na anaendelea kutuma maombi kwa kutumia akaunti ambayo sasa ni yake. Yeye ndiye anayewasimamia wanaokuja kubadilisha, na swali lake la kwanza kwa kila mmoja ni lile la mamaye: siri ya nani?